Dozi ya Siku Saba, Mimi na Yustus

Jumapili, 30 Juni 2024
Misa nimeikaa kwa shida. Kuwashwa huko chini tangu Alhamisi, mkojo unachoma kama pilipili. Jirani yangu Joviana kasema fangasi, nikanunua vidonge vya kuweka. Wapi! Fangasi naifahamu, nimezaa watano: uchafu wake mweupe, mzito kama maziwa yaliyoganda, haunuki. Huu ni wa njano inayoelekea kijani, una povu, unanuka vibaya. Nesi Ainembabazi alitufundisha kwenye kikao cha akina mama, tukawa tunacheka ndani ya kanga. Alisema ukiona hivyo usijitibu, njoo. Haya. Kesho naenda. Mungu amenipa macho, nitayatumia.

Jumatatu, 1 Julai
Zahanati. Shikamoo mama, marahaba mwanangu — nikamweleza nesi bila kuzungukazunguka. Akapima. Trikomonasi! Nimemwomba aniandikie jina. Ugonjwa wa zinaa. Nesi, mimi? Akasema mama, uko kwa wengi, na unapona kabisa. Damu nayo kapima: salama. Asante Yesu! Vidonge vya Flajili siku saba, na baba pia ameze hata kama haumwi popote. Wanaume wengi hawaoni dalili, wanatembea nao tu. Tusikutane mpaka tumalize. Na pombe marufuku: atatapika dawa, kisha aniambukize upya.
Pombe! Na Jumamosi wanakuja kumposa binti yetu Liliane!
Nimelia kidogo njiani, kwenye migomba ya watu. Basi.

Jumanne, 2 Julai
Nimemwambia mume wangu Yustus asubuhi tukigeuza kahawa juani. Akaruka: mimi mzima, sikojoi usaha! Nikamwambia usaha ni kisonono, baba Liliane, huu ni mwingine, unaweza kukaa miezi umejificha. Sikumwuliza msimu uliopita, akinunua kahawa kule Kyerwa, alilala wapi. Nitamwuliza. Kwanza apone. Akageuza kahawa ileile mara nne. Mwishowe ameenda zahanati na karatasi yangu. Aliporudi: "Lete maji." Dozi ameianza leo mbele yangu.

Alhamisi, 4 Julai
Kuwashwa kumepungua. Mdomo mchungu kama nimelamba msumari. Yustus analalamika kama mtoto. Lakini anameza.

Ijumaa, 5 Julai
Tumepanga ya kesho. Baba wa binti asipoanza kunywa rubisi ya wageni, ile pombe ya ndizi, maana yake kawakataa. Yustus anasema atagusisha midomo tu. Nikamwambia mshenga wao ni Polikarpi, yule atalitazama koo lako kama linashuka. Basi niseme nimeokoka, anasema. Wewe? Kigango kizima kitacheka! Tumecheka wenyewe. Tangu Jumanne hatujacheka.
Nimesali rozari nzima. Ninamwamini — kwa hili la dawa.

Jumamosi, 6 Julai
Naandika stoo, juu ya gunia la maharage. Wageni wako sebuleni.
Polikarpi alimpa Yustus kibuyu kwa mikono miwili. Yustus akakipokea, akakiweka magotini. Hanywi! Liliane kanishika mkono mpaka kucha zimeingia.
"Mzee, binti hatupewi?"
"Mnapewa. Niko kwenye dozi."
Polikarpi akapiga paja. "Dozi inayomnyima mwanaume rubisi? Hiyo tunaijua, bwana!" Wanaume wakaangua kicheko.
Yustus akanitafuta kwa macho, mimi niko mlangoni. "Ya mimi na mke wangu," akasema. "Tunaimeza pamoja."
Kicheko kikakatika. Uso wangu ulikuwa moto, lakini sikuinama. Akampa mdogo wake Byabato kibuyu, anywe kwa niaba yake. Byabato kanywa mpaka akapaliwa.
Sasa wanabishana: baba mdogo akinywa, binti ametolewa au bado? Nikaja huku kuchukua sahani. Nageuka — Kantengwa, mke wa Polikarpi, amenifuata, amerudisha mlango. Ananiuliza kwa sauti ya chini: mama Liliane, wewe ulianza kuona nini?
Nikamwambia. Kuwashwa, povu, ile harufu. Akakaa chini. Nikamwuliza, uchafu wako una rangi gani? Kabla hajajibu, Polikarpi kamwita huko amwongezee rubisi. Amesimama, amejifunga kanga upya. Ananiambia: dada, usitoke, narudi.
Sitoki. Nasikia mumewe anasema jaza, jaza mpaka juu.