Kila Kloni na Jina Lake

Beni, Jumapili baada ya misa

Yaya Paluku, kaka yangu mkubwa,

Kabla sijaanza kugombana nawe, niambie: mgongo unaendeleaje, na baridi ya Masereka imeviacha viazi salama? Sisi huku tunapumua. Binti yako Kavira anakula kuliko mimi.

Nimepata ujumbe wako. Unataka aache darasa langu la kompyuta arudi nyumbani, kwa sababu dada yake Masika alisoma mjini akaolewa bila kukuaga, na "batoto ya nyumba moja beko bamoja". Nakujibu bila kuzunguka: simrudishi.

Sikiliza yaliyotokea Alhamisi. Watoto hutengeneza michezo kwa kupanga vipande vya amri kwenye skrini, kama matofali. Kavira alichora mbuzi mmoja, akampa amri ya kuzaa nakala zake. Sisi tunaziita kloni. Kloni huzaliwa juu ya mzazi wake, mahali palepale, na amri zilezile. Hujui kwamba wako wawili mpaka mmoja asogee. Kavira akataka kila mbuzi aseme jina lake kwa zamu ya kuzaliwa, kama desturi yetu inavyowaita wana wa kwanza, wa pili na wa tatu: Paluku, Kambale, Kasereka. Wa kwanza alisema vizuri. Alipozaliwa wa pili, wote wawili wakawa Kambale. Alipotoka wa tatu, shamba zima likawa Kasereka.

"Mais, beko batatu na bote bamekamata jina yangu!" akalalamika Kasereka, jirani yake wa benchi. "Miye niko mbuzi?"

"Nyamaza, weye ndiye wa ine," Kavira akamjibu, akimhesabu mbuzi wa nne, na darasa likaangua kicheko.

Kisha akanigeukia mimi shangazi yake. "Tantine, juu ya nini ule wa kwanza anasahau jina yake?"

Nilimrudisha kwenye amri zake. Alitafuta mwenyewe mpaka akaona: kisanduku cha kuwekea jina alikuwa amekifungua kwa ajili ya wote, basi kila aliyezaliwa aliandika juu ya jina la mkubwa wake. Akafungua kingine, cha "huyu peke yake", na kila kloni ikashika jina lake.

Kosa hilo ndilo lako, Yaya, nawe huna kisingizio cha utoto. Umewafungulia binti zako kisanduku kimoja, na ndani umeandika hasira yako juu ya Masika. Usiniletee desturi, nimewasoma watetezi wake wengi, na yetu yenyewe inakukana. Kama watoto wa nyumba moja wangekuwa wamoja, wazee wangejisumbulia nini kumpa kila mmoja jina la nafasi yake?

Nilimwuliza Kavira anataka nini. "Mbele nimalize masomo. Papa akikasirika, aje anikasirikie hapa."

Basi njoo. Utazungumza naye, si nami, na utamsikiliza mpaka mwisho.

Nisalimie mke wako, mwenye subira ambayo mimi sikupewa, na mdogo wetu anayechunga ng'ombe. Na Masika akipiga simu, pokea. Mimi huwa napokea.

Dada yako mbishi,
Kahindo