Mkono wa Mama Kulwa

Jumanne, Katoro. Jua kali tangu asubuhi, na vumbi la makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu limetanda mpaka kwenye masufuria. Leo nina furaha mbaya. Naiandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia padri.

Nilikuwa napikia wachimbaji kwenye duara moja, shimo la dhahabu, huku kwetu Geita. Mmoja wao, Masanja, akagundulika ana TB, na sisi tuliokuwa karibu naye tukaambiwa tukapime. Zahanati walinichoma kisindano kwenye ngozi ya mkono, wakaniambia nirudi baada ya siku mbili wausome. Ulivimba.

Mpishi mwenzangu, Mama Kulwa, aliuona. Kabla jua halijazama duara zima lilijua kwamba Mama Neema anawapikia watu huku ana TB. Sahani zangu zikarudi zimejaa. Msimamizi akanifukuza.

Daktari alinitia moyo. Alisema chanjo ya TB ya utotoni inaweza kuufanya mkono uvimbe hata kama huna wadudu. Kipimo cha damu hakidanganywi na chanjo hiyo, tena ukishatoa damu hakuna kurudi kusomwa mkono. Nikaenda Mwanza kutoa damu. Njia nzima nilikuwa napanga namna nitakavyombandika Mama Kulwa majibu usoni.

Majibu hayakuja safi.

Wadudu ninao, ila wamelala. Picha ya kifua haina shida, sikohoi, simwambukizi mtu. Nanywa dawa wasije wakaamka. Lakini karatasi ya kumnyamazisha yule mwanamke sikuipata.

Basi nikafanya jingine. Muuguzi aliponiuliza nani tena alikaa karibu na Masanja, nikamtaja yeye. Ni kweli, walikuwa wanakula pamoja kila siku. Lakini sikumtaja kwa kujali afya yake.

Leo nimemkuta kisimani, peke yake, kajizungushia khanga mkononi kwenye joto lote hili.

“Mwangaluka, Mama Kulwa,” nikamsalimu Kisukuma.

Akauficha mkono nyuma. Nikaifunua ile khanga. Mkono umevimba kuliko wangu.

“Mama Neema, nitakufa?”

“Umerudi kusomwa?”

“Naogopa. Wakijua watanifukuza.”

Aliniambia hivyo mimi, usoni.

Najua huenda ni chanjo tu. Najua hata kama ni wadudu, huenda wamelala kama wangu. Maneno machache tu yangemtuliza. Nikayameza.

“Kesho ni siku ya tatu, ndiyo mwisho,” nikamwambia. “Muda ukipita, huo mkono hausomeki tena. Nitakupeleka mwenyewe. Ila kwanza, wakati wa chai, utasimama mbele ya vijana wa duarani useme ulinizushia.”

“Mbele yao wote?”

“Wote. Na upaze sauti.”

Akatikisa kichwa kukubali, machozi yanamtoka. Nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka taratibu, nisimwage hata tone.

Kesho nitavaa gauni la kanisani na kukaa mbele kabisa. Akisema, nitamshika mkono twende zahanati, na njiani nitamweleza habari ya chanjo.

Na akinyamaza? Nitamwacha kweli na hofu yake, mpaka muda upite?

Nikiwa mkweli, kwa jinsi nilivyo leo: ndiyo.