Sori uliyoniuliza

Mwanangu Neema,

Mie mama yako mdogo mzima, na mdogo wako Baraka kaota jino. Umeuliza umwambieje mwenzako wa bweni aliyefiwa na mama yake, na mlikuwa mmenuniana, maana "sori" ya Kiingereza ni pole na ni samahani pia.

Bibi yako alipofariki hapa Chanika, Mama Rehema, jirani tuliyegombana naye, alikuja msibani. Shangazi akasema, "Heee, leo njia kaiona!" Mama Rehema akafunga kanga kiunoni, akachuchumaa kwenye masufuria, akayasugua kwa majivu. Nikachuchumaa pembeni yake, nikasuuza.

Sikumbuki kama alisema pole au samahani. Mikono yake naikumbuka.

Nenda, mwanangu. Neno likikukwama, mfulie sare zake.

Mama yako mdogo