Sigara Nimeacha, Asali Imenishika

Matiliku, Jumanne

Aibu ya leo sitaisahau. Sista wa kliniki alichemsha mkojo wangu na ile dawa yao ya buluu, na mbele ya benchi nzima ukageuka mwekundu kama tofali.

"Mzee, umerudia sukari?"

"Sijaonja! Hata chai nakunywa bila. Na sigara nimeacha, vile uliniambia."

Hapo akafurahi kweli. Akawaambia wagonjwa wengine kwamba sigara na ugonjwa wa sukari vikikutana huharibu mishipa ya miguu haraka. Nikavimba kichwa. Halafu akauliza, "Na hamu ya sigara ikikushika, unafanya nini?"

"Natafuna masega ya asali tu."

Benchi ilicheka mpaka mtoto mmoja akaamka akilia. Lakini mimi ni mrina asali, mtoto wa mrina asali. Kwetu asali hupewa mgonjwa! Nani aliwahi kuiita sukari? Sista akasema damu haiulizi utamu umetoka kiwandani au mzingani.

Kaveke, mke wangu, aliposikia alibeba debe langu la asali akalipeleka kwa dada yake. Ananionea. Ila nimekiangalia tena kile kidole cha mguu kisichopona, na... basi, amefanya vizuri.

Taabu ni kesho usiku. Mizinga imejaa, lazima nirine. Mkono mmoja moshi wa kufukuzia nyuki, mwingine asali, na Kaveke amesema atakuja kunishikia tochi, ati anichunge nisilambe.

Mwanamke anayekimbia hata nyuki mmoja!