Ukuta Uliokuwa Ukinijibu

Bweni la Pili,
Chumba cha 14,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, mtoto wa shangazi,

Salamu zangu zitangulie maneno yote. U hali gani? Macho yako yameacha kuwasha? Na shangazi, mguu wake unaendeleaje? Mimi ni mzima, na safari hii neno "mzima" nimelipima kabla ya kuliandika.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema mtihani umebakiza wiki tatu, umeuiga utaratibu wetu wa ukuta pamoja na mwenzako wa chumba cha pili, na unalala saa mbili tu. Unaniita shujaa. Naomba univue cheo hicho.

Ni kweli, mimi ndiye niliyepanda juu ya meza ya bwalo nikawauliza wenzangu: nani aliyempa usingizi haki ya kutunyang'anya theluthi ya maisha? Walinishangilia mpaka sahani zikatikisika. Siku hiyohiyo mimi na jirani yangu wa chumba cha 15, yule tunayemwita Kamusi, tukala kiapo. Hatutatembeleana wala kusemezana hadi mitihani iishe. Kila saa nitagonga ukuta mara tatu, naye atajibu mara tatu, kuthibitisha kwamba hakuna aliyelala.

Nikagonga, ukuta ukajibu. Usingizi wangu ukawa wa kuibia, paji la uso juu ya kitabu. Baadaye ukuta ukaanza kugonga kabla yangu, nami nikaona haya kwamba Kamusi ananishinda, nikazidi kukaza.

Asubuhi ya mtihani, mlezi wa bweni alinikuta kitandani nimepiga magoti, ngumi ukutani.

"Mwanamapinduzi, unamgongea nani?"

"Kamusi, mama. Tunasoma."

"Kamusi yupi tena? Si mama yake alikuja kumchukua Jumatatu ya wiki iliyopita, kijana hajijui hajitambui? Ufunguo wake huu hapa."

Akautoa mfukoni, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa wa baridi. Siku tisa, mdogo wangu. Siku tisa chumba kilikuwa kitupu, na kila saa nilijibiwa.

Hata hivyo nilikwenda kwenye mtihani. Kiburi hakina breki. Nakumbuka niliandika kwa ufasaha usio wa kawaida, hata vidole vikaniuma. Wiki iliyofuata mhadhiri aliniita ofisini, akalifungua daftari langu la majibu. Kurasa sita, wino wangu, wala hapakuwa na neno. Nukta tatu, nafasi, nukta tatu, nafasi, safi kama zilizopigwa chapa, hadi mstari wa mwisho.

"Nilidhani umenigomea," alisema. "Nikawa nasubiri tamko."

Nililifunga daftari, nikaomba ruhusa ya kwenda kulala.

Nimelala siku nyingi tangu hapo, kama pono, na nimeelewa jambo ambalo hotuba yangu ililikanyaga. Usingizi si mnyang'anyi. Ndiye mtunza maktaba wa kichwa: mchana tunambwagia vitabu, naye tukilala huvipanga kwenye rafu. Mimi nilimfukuza kazi, kisha nikashangaa kukuta vitabu vimerundikana sakafuni gizani, na kitu kingine kimekalia kiti chake. Kamusi amepona. Analala saa nane kila siku, na ananiandikia kwamba anakumbuka kurasa alizodhani zimepotea. Mimi mtihani nitaurudia Agosti. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Sasa sababu ya haraka yangu. Unasema mwenzako hakosi kujibu, na kwamba siku hizi hugonga kabla yako. Nenda mchana kweupe, mfungulie mlango, umtazame usoni. Tena, itazame nakala ya barua yako kama unayo. Pembeni mwa karatasi niliyopokea, kutoka juu hadi chini, kuna nukta tatu, nafasi, nukta tatu. Kama hukumbuki kuzichora, funga daftari, sogeza kitanda mbali na ukuta, ulale leo. Mtihani utakukuta huko huko.

Nisalimie shangazi, mjomba, na yule kitinda mimba wenu anayelala hata akiwa amesimama. Mwambie kumbe ndiye msomi wetu. Mungu akufumbe macho kwa amani na akufumbue ukiwa wewe yuleyule.

Wako akupendaye, aliyeacha kujibu,

Kaka yako wa chumba cha 14.