Chupa Niliyoifunga kwa Leso Yako

Mama,

Yale maji yako nimeyamaliza leo. Karibu niyamalize. Imebaki chupa moja, na ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Tangu tukuzike nimeyaweka kwenye mtungi chini ya kitanda, hapa mtaani Satellite: maji ya mwisho uliyotumia kutia rangi uzi wa sweta za shule. Uliniambia kule wodini, sauti imebaki kidogo, "Ile maji usimwage kwa mtaro. Nimemwaga ya kutosha." Nilijua unamfikiria Mama Njeri wa kule bondeni, anayemwagilia shamba kwa mto unaopokea mtaro wetu, aliyekuja na sukuma wiki zenye mizizi ya buluu. Hakugombana. Aliziweka mlangoni akaenda zake. Hukuonja sukuma tena.

Wakati mwingine nikifagia, mtungi ulitikisika na sijaugusa. Nikaacha kufagia upande huo.

Siku hizi naosha vyombo kwenye maabara ya chuo, mjini. Mwalimu mmoja ana poda nyeupe, ungedhani ni unga wa ngano. Ukiitia kwenye maji ya rangi ukayaanika, jua huiamsha, nayo huivunja rangi vipande vipande. Nikamwambia nina maji ya kweli, ya kazi. Tukayagawa kwenye chupa, tukayaanika kwenye paa asubuhi. Kufikia saa tisa yalikuwa meupe, Mama, nikaona kidole changu upande wa pili wa chupa. Mwalimu hakushangilia. Alisema kupotea kwa rangi bado si usafi, lazima apime. Nikakusikia kabisa: "Rangi haifi, inahama tu."

Chupa moja huwekwa gizani, ya kulinganisha. Bila hiyo jaribio zima ni bure. Nilikosa kitambaa cha kuikinga na mwanga, nikaifunga kwa leso yako. Jioni nikaifungua: buluu ileile, ya kucha zako ndani ya jeneza, tulizosugua kwa limau zikakataa kutakata.

Nikamwambia mwalimu imevunjika. Nikaja nayo nyumbani.

Sasa iko mezani, inaniangalia. Naogopa kuipoteza, na naogopa kulala nayo chumba kimoja. Lakini si hivi ulivyoniomba, na Mama Njeri bado anamwagilia kutoka mto uleule.

Kesho nairudisha. Nitakiri uongo wangu, na mwalimu akishapima, nitaiweka juani kwa mikono yangu. Leso nabaki nayo.

Lala, Mama. Mtaroni halitaingia hata tone.

Binti yako,
Wambui