Wiki Moja Niliyomwomba Nyakanga

Newala, 8 Mei 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hapa kwa shangazi Mama Nurdin sote wazima, ila maji ndiyo yale yale: ndoo moja, foleni tangu alfajiri. Mama hajambo? Mgongo wake umepoa?

Usishangae barua wakati simu ipo. Darasa la sita tunajifunza kuandika barua, halafu jambo lenyewe nikilisema kwa simu nitalia. Mwalimu Ethel anatufundisha maisha na haki za watoto wa dunia. Kila mmoja alipewa nchi. Mimi nimepata Norwe, ambako mtoto anafungua bomba tu, maji haya hapa! Nimechaguliwa kuyasema hayo mbele ya wilaya nzima tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Katika shule nzima, baba, mimi.

Sasa nyakanga wetu, Bibi Fatu, amepanga kutuingiza unyagoni mimi na binamu Shakila tarehe 14, na aliyeingia hatoki nje siku kadhaa. Naomba asogeze wiki moja.

Mwanao,
Anifa

Chiwata, 17 Mei 2025

Mwanangu Anifa,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako mgongo umetulia, anavuna karanga.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili imeniudhi. Ndugu wa Nanganga wameshaalikwa, mpunga umeshatwangwa. Mtoto wa Norwe ana bomba, sawa. Ana nyakanga? Nani amewahi kumwambia nyakanga asogeze siku yake? Mimi mwanaume sina kauli huko. Hizo haki ndizo zinazomfundisha mtoto kumpangia baba yake?

Tarehe 13 mama yako atakuja kukuchukua. Shakila akitoka mkubwa, wewe ukabaki mtoto, utamlaumu nani?

Baba yako

Newala, 22 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini afya ni njema na hasira imeshuka kidogo. Mimi mzima wa mwili.

Unyago siukatai. Nautaka, na nataka kutoka siku moja na Shakila. Lakini kati ya haki tulizosoma ipo ya mtoto kusikilizwa. Mwalimu alisema kusikilizwa si kushinda: mkubwa anakaa, mtoto anamaliza maneno yake, ndipo mkubwa anaamua. Basi namwomba Bibi Fatu anisikilize. Akikataa, mama atanikuta nimeshafunga begi.

Hotuba nimeibadilisha. Baada ya mtoto wa Norwe namtaja mtoto wa Chiwata, anayeokota korosho asubuhi kisha anakwenda kusoma ramani ya dunia. Sikutaka tukosekane.

Mwanao,
Anifa

Chiwata, 16 Juni 2025

Mwanangu Anifa,

Marahaba, na marahaba tena. Huku sote wazima kupita kiasi.

Najua tarehe 13 ulikaa na begi lako, mama yako asitokee, ukadhani tumekususa. Nisamehe. Bibi Fatu alikuwa Nanganga akifundisha mabinti wa huko, akarudi siku hiyo hiyo. Nikampelekea unga na kanga kama ilivyo desturi, nikamsomea barua yako. Akaniuliza, "Hii kaandika mtoto mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Miaka yote hii wanaletwa tu. Huyu ndiye wa kwanza kuniomba. Hebu isome tena." Nikaisoma. "Basi ngoma zirudi ndani mpaka Jumamosi ijayo."

Shangazi yako nilimwambia akupeleke tu kwenye hotuba yako. Mengine nilitaka nikuandikie mwenyewe, kwa kuwa nilikukaripia kwa kalamu.

Leo shangazi kaishika simu juu ulipohutubia, nasi tukaweka sauti kubwa uani. Wageni wa Nanganga walikuwa wameshafika kabla habari ya kusogeza haijawafikia, wakabaki. Wakakaa wakasikiliza. Ulipomtaja mtoto wa Chiwata kina mama walipiga vigelegele hata maneno yaliyofuata hatukuyapata. Nililia, sifichi. Kila aliyepita njiani nimemwambia yule ni binti yangu.

Mama yako anakuja kesho na barua hii. Njoo na hiyo ramani ya dunia. Bibi Fatu amesema Jumamosi, mabinti wote wakishaketi, kabla hajafundisha lolote atamuuliza kila mmoja ana neno gani. Ataanza na wewe.

Baba yako anayejivunia